Baiskeli ni dawa, lakini mgonjwa aendeshe wapi?

Ndugu msomaji, leo sitaanza na ugonjwa wala dawa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani kosa hilo ndilo lililonifikisha kwenye habari ya vilima, baiskeli na njia zisizopita magari. Kama unaona mambo hayo hayahusiani na ukurasa wa afya, nivumilie kidogo.

Miaka michache iliyopita alikuja kituoni kwetu, hapa Tanga, bwana mmoja wa makamo, muuza nafaka. Presha yake ilikuwa 160 kwa 100, na sukari kabla ya kula ilikuwa 9. Alikuwa na kitambi. Kutwa nzima hukaa dukani, na jioni bodaboda humpeleka mpaka mlangoni kwake. Nilimwandikia dawa, nikamweleza habari ya chumvi, wali na soda, kisha nikamaliza kwa maneno tunayomwambia kila mgonjwa: "Mzee wangu, fanya mazoezi." Akaniuliza mazoezi gani, maana akitembea sana magoti yanamuuma. Nikamjibu kwamba baiskeli inamfaa, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na siti na magoti hayapigi ardhi. Akafurahi sana. Ujana wake wote aliupitisha juu ya baiskeli, kama watu wengi wa mji huu. Akaitoa ya zamani stoo na kuipeleka kwa fundi.

Alifuata ushauri wangu kwa wiki tatu. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alishika barabara kuu itokayo mjini, kwa kuwa ndiyo yenye lami nzuri. Wiki ya tatu lori lilimpita karibu mno, akayumba, akaangukia kwenye mtaro na kuvunjika mfupa wa paja. Alhamdulillah, hakufa. Lakini alilala kitandani wiki nyingi, na sukari ikapanda kuliko siku ile ya kwanza alipokuja kwangu. Nilipokwenda kumjulia hali, mkewe alinipokea kwa heshima zote, akanimiminia chai, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Daktari, mwanangu, ulimwambia aendeshe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yangu nikaaga.

Swali lile ni la haki, na linatuhusu matabibu wote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, kwamba ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Ziweke taarifa hizi mbili pamoja. Ya kwanza inamtoa mgonjwa wangu nyumbani, na ya pili inamkuta ukingoni mwa lami. Sisi tunaoandika "mazoezi" kwenye kadi ya mgonjwa bila kumwonyesha mahali, tumemaliza nusu ya kazi tu.

Wako wanaosema basi baiskeli iachwe, watu waende gym. Sawa kwa mwenye uwezo. Lakini muuza nafaka hatalipa ada ya kila mwezi ili akanyage baiskeli iliyofungwa sakafuni, akiangalia ukuta. Mimi naamini dawa ipo, nayo ni kuitoa baiskeli kwenye barabara ya magari na kuipeleka kwenye njia yake, hasa huko mashamba kwenye miinuko, na mtu aende na watu wa nyumbani kwake.

Nilipata akili hiyo kwa ndugu yetu mmoja tuliyesoma naye madrasa, ambaye sasa anaishi Uingereza. Alikwenda Hispania na mkewe na watoto, na aliporudi akanisimulia. Wengi wetu tukisikia Andalusi tunakumbuka Cordoba na Granada, tunahuzunika kidogo kwa yaliyotokea mwaka 1492, kisha tunafunga kitabu. Mimi pia nilikuwa hivyo. Yeye hakuniambia habari za majumba ya kifalme. Aliniambia habari za reli ambayo treni haikuwahi kupita.

Katika miaka ya 1920, kusini mwa nchi ile, jimbo la Cádiz, serikali ilianza kujenga reli ya kupita milimani. Mahandaki yakatobolewa, madaraja marefu yakajengwa juu ya mabonde, na nyumba za stesheni zikasimama. Kisha kazi ikakwama na yote yakaachwa. Leo kipande cha kilomita 36, kati ya miji ya Olvera na Puerto Serrano, ni njia ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Unapita mahandaki 30, na moja wapo linakaribia urefu wa kilomita moja. Unavuka madaraja makubwa manne. Unapita chini ya jabali la Zaframagón ambako tumbusi wamejenga viota kwa wingi, na ukiinua macho unawaona wanazunguka. Baadhi ya stesheni zimegeuzwa nyumba za kulala wageni na kula. (Ndugu yetu alibeba chakula chake, na kwa nchi ile alifanya vyema.) Binti yake wa miaka tisa aliendesha njia nzima kwa siku mbili, na baba hakupiga kelele ya "gari!" hata mara moja.

Njia hiyo haiko peke yake. Mwaka 1993 Hispania ilianza mpango wa kuzigeuza reli zilizokufa kuwa njia za namna hii, wakaziita njia za kijani, na sasa zimevuka kilomita 3,000. Mojawapo ina kilomita 128, inatoka Jaén mpaka Puente Genil ikipita kwenye mashamba ya mizeituni, kwenye reli ya zamani iliyokuwa ikibeba mafuta yake. Mafuta hayo Wahispania wanayaita "aceite", nalo ni neno az-zayt la Kiarabu, tena sisi tukawachukulia Waarabu hao hao neno zeituni. Nimelitaja kwa kupita tu, kwa ajili ya wale waliosoma.

Sasa zingatia jambo hili, kwa kuwa ndilo lenye faida ya kitabibu. Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Ndiyo maana mhandisi wa reli hukata kilima, hutoboa jabali na huzunguka bonde ili mwinuko usizidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Njia yetu ya kawaida ya kijijini inaweza kupanda mita 10 au 15 kwa mwendo huohuo. Kwa hiyo reli iliyokufa ni zawadi kwa mgonjwa. Inampitisha katikati ya milima, anaona mabonde na kuvuta hewa safi, lakini moyo wake haubebeshwi mzigo usiouweza. Mzee anaweza. Mtoto anaweza. Mama mwenye kilo 90 anaweza.

Wengi wakisikia neno kilima wanaogopa. "Daktari, kilima si kitampandisha presha?" Ndiyo, wakati unapanda presha hupanda, kama inavyopanda ukibeba ndoo ya maji. Lakini baada ya mazoezi inashuka na kubaki chini kwa saa kadhaa, na kwa mtu mwenye presha ya juu anayefanya mazoezi ya kupumua kwa miezi bila kuacha, namba ile ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 5 mpaka 8. Mtu asiione ndogo. Kwa sukari, misuli ya paja ni mikubwa kuliko mingine mwilini, na inapofanya kazi huinyonya sukari toka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imelegea. Faida hiyo hudumu siku moja au mbili, kisha inakwisha, na ndiyo sababu hatukubali mtu afanye mazoezi Jumapili kwa Jumapili akasema yametosha.

Kipimo cha nguvu ni rahisi, hakihitaji saa wala mashine. Ukipanda, uweze kuzungumza na mwenzio, lakini usiweze kuimba kaswida. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza, au shuka uisukume baiskeli. Hakuna aibu katika kusukuma; kilima kikali hata vijana wanakishukia. Kipimo hiki ni bora zaidi kwa wanaotumia dawa kama atenololi, kwa kuwa dawa hiyo inazuia mapigo ya moyo yasipande, na mtu akijihesabu mapigo mkononi atajidanganya.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane juu ya magari. Kilima na magari havipatani kwa mpanda baiskeli. Akipanda, mwendo wake ni mdogo na baiskeli inayumba huku na huku. Huo ndio upandaji wenyewe. Akishuka, anakwenda kasi na breki hazishiki upesi. Kote kuwili anahitaji upana wa njia. Ukimweka kwenye barabara moja na malori, unamnyima upana huo, na moyo unadunda kwa hofu badala ya kudunda kwa mazoezi. Chukua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Inapanda takriban mita 1,000 katika kilomita 33, mwinuko wa wastani usiokuwa mbali sana na ule wa reli ya Hispania. Ni nzuri kwa macho. Lakini kwa mabasi na malori yanayokata kona zile, simshauri mgonjwa wangu yeyote apande baiskeli pale. Tatizo halikuwa kilima.

Je, kwetu ziko wapi njia zisizo na magari? Nilianza kutafuta baada ya swali la yule mama. Hatuna kilomita 3,000 za njia za kijani, ila msitu tunao, mashamba ya chai tunayo, na hata reli iliyokufa tunayo. Muheza, ukielekea Amani, unafika mahali panaitwa Sigi. Zama za Wajerumani ilijengwa reli nyembamba iliyoteremsha magogo toka hapo hadi Tengeni. Reli imeondoka zamani. Nyumba ya stesheni imebaki, na ndipo wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani wanapopokelewa. Kutoka hapo njia inapanda kwa kona kali mpaka Amani, penye mwinuko wa takriban mita 900, mahali ambapo Wajerumani waliweka taasisi ya utafiti mwaka 1902 na ambapo baadaye wataalamu wa malaria walifanya kazi miaka mingi.

Mwaka jana tulikwenda. Tulikuwa wanaume watano tuliosoma chuo kimoja, pamoja na mke wangu na wanangu wawili. Baiskeli tulizipandisha juu ya gari mpaka Sigi, ili tusiguse barabara kuu kabisa. Sitakudanganya kwamba hapana gari. Malori ya chai yapo, basi lipo, bodaboda hazikosi. Kwa saa tatu nilihesabu magari manne na pikipiki tisa, na kila yalipokuja yalisikika toka mbali, tukakaa pembeni tukasubiri. Huko juu tulimuuliza mhifadhi ni njia zipi baiskeli inaruhusiwa, akatuonyesha, na tangu hapo hadi adhuhuri hatukuona chombo chochote. Ndege tu, na wanawake wanaochuma chai waliotusalimia na kutucheka kidogo.

Tulifanya makosa pia, na ninakueleza ili usiyarudie. Mwenzetu mmoja anatumia glibenklamidi kwa ajili ya sukari. Asubuhi alimeza kidonge, kisha kwa furaha ya safari akala andazi moja tu. Kilima cha pili kikamshinda. Alitoka jasho jembamba la baridi, mikono ikatetemeka, akaanza kujibu maswali hovyo. Hiyo si uchovu, ni sukari kushuka, na inaua. Tulimpa maji yenye sukari na tende, tukamkalisha, baada ya dakika 15 akarudi katika hali yake, kisha tukamlisha chakula chenyewe. Anayetumia dawa ya aina hiyo au insulini azungumze na tabibu wake kabla ya safari juu ya kipimo cha dawa siku hiyo, apime sukari kabla ya kupanda, na ikiwa chini ya 5 ale kwanza. Sukari iwe mfukoni mwake mwenyewe. Mfuko wa mwenzake aliyetangulia mbele hautamsaidia. Mwenye presha inayofika 180 kwa 110 asianze kabisa mpaka itulizwe kwa dawa. Na maumivu ya kifua wakati wa kupanda si gesi mpaka yathibitishwe kuwa ni gesi: shuka, kaa, rudi, upimwe. Mtoto mwenye selimundu simshauri apelekwe kwenye vilima vya baridi na kazi ya kutoa jasho bila ruhusa ya daktari anayemjua.

Kosa la pili lilikuwa la breki. Baiskeli nyingi tulizonazo ni zile ndefu za chuma, zenye breki za fimbo zinazobana ringi. Ringi ya chuma ikilowa, breki ni kama haipo. Kwenye mteremko, baada ya manyunyu, waya wa breki ya mwenzetu mwingine, ambaye yake ilikuwa ya gia, ulikatika, akaingia na baiskeli kwenye chai. Wote walicheka, naye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeyaona mapaja yaliyovunjika. Kabla ya kwenda milimani mpe fundi pesa yake akubadilishie raba za breki na nyaya, aangalie cheni na tairi. Ukishuka tumia breki zote mbili, bana na uachie, bana na uachie, na mwendo uupunguze kabla ya kona, usingoje uwe ndani ya kona. Mtoto asiteremke akiwa amebebwa kwenye keria. Kofia ngumu ivaliwe. Viatu viwe vya kufunika vidole, hasa kwa mwenye kisukari, ambaye jeraha dogo la yeboyebo linaweza kumpeleka kukatwa mguu. Na jioni akague nyayo zake kwa mwanga.

Ukurasa huu ni wa usafi pia, kwa hiyo nisiruke habari ya maji. Kijito cha mlimani kinang'aa, kina ubaridi, na moyo unakwambia hakina madhara. Lakini juu yake kuna ng'ombe, na pengine kuna kijiji. Maji ya kunywa beba yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, lita mbili kwa mtu mzima angalau, zaidi jua likiwa kali. Ya kutawadha hayahitaji kuwa mengi. Tulisoma chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kama theluthi mbili ya lita, wakati sisi tunafungua bomba tukaanza kupiga soga. Na fiqhi hiyohiyo ya tahara ilitukataza kujisaidia njiani, kwenye kivuli wanachopumzikia watu, na kwenye maji. Tulipokuwa watoto tuliikariri kwa hofu ya bakora. Nilipokuja kusoma kipindupindu na minyoo ndipo nilipoelewa tuliambiwa nini. Kwa hiyo safari ya msituni ibebe jembe dogo na sabuni, shimo lichimbwe mbali na kijito, na mikono ioshwe kabla ya tende kutoka mfukoni. Kama safari yako inafikia kupunguza swala, hilo muulize sheikh wako. Mimi ni tabibu.

Limebaki la wanawake, ambalo najua ndilo litakaloniletea simu. Kliniki yetu ya kisukari na presha, siku nyingi mabenchi yamejaa akina mama. Tunawaambia fanyeni mazoezi, kisha tunawaambia msionekane barabarani. Watayafanyia jikoni? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), tena safarini, baada ya kuwaamuru wenzake watangulie. Hadithi ni mashuhuri, imo katika Abu Daud. Angalia adabu yake: watu walitangulizwa, nafasi ikapatikana. Njia isiyo na magari milimani ndiyo nafasi ya namna hiyo. Hapana baraza la wanaume, hapana kondakta wa kupiga miluzi. Mke wangu aliendesha akiwa na suruali pana ndani na gauni lililofika chini ya goti, mtandio umefungwa vizuri kwa nyuma, kwenye baiskeli isiyo na bomba la juu, na cheni iliyofunikwa. Baibui refu sikubali, na sababu yangu ni ya kitabibu: likinaswa na cheni au spoku kwenye mteremko, litamwangusha. Mwenye rai nyingine nitaisikiliza, lakini aje nayo pamoja na jibu la lile benchi la kliniki.

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye nafasi, na baiskeli yenyewe ni alama ya umasikini. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, wachague moja. Gharama yetu ya Amani, pamoja na mafuta ya gari na kiingilio cha hifadhi, tuliigawa kwa watu na haikuzidi ya zile safari za madrasa tunazozijua sote, ambapo tunakodi basi, tunakwenda ufukweni, tunakula pilau na soda, tunalala usingizi njiani tukirudi. Sizichukii safari hizo, nimekula pilau lake miaka mingi. Ila kamati za misikiti na madrasa zikiamua kwamba safari moja kati ya hizo kwa mwaka iwe ya baiskeli kwenye miinuko, vijana wataanza kujizoeza miezi mitatu kabla, na hayo mazoezi ya miezi mitatu ndiyo ninayoyataka mimi. Safari ya siku moja peke yake haitibu presha ya mtu.

Na madiwani wetu nao wana la kufanya, na si la fedha nyingi. Kigali ni mji wa vilima vitupu. Tangu mwaka 2016 wana siku za Jumapili asubuhi ambapo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, na wahudumu wa afya wanawapima presha na sukari palepale. Hawakutoboa mahandaki 30. Walifunga barabara kwa saa chache. Sisi tunazo njia za zamani za magogo, tuta za reli zisizotumika, na vichochoro vya mashamba ya mkonge na chai. Kila mwaka kipande kinamezwa, mara kwa malori ya mchanga, mara kwa mtu aliyejenga katikati. Kabla ya kumezwa chote, halmashauri ziandike zipi ni njia za watu, ziweke kizuizi cha gogo na mawe gari lisipite, basi. Nimelisema hili kwenye mkutano mmoja wa kata, nikaambiwa niandike barua. Nimeiandika.

Yule mzee wangu sasa anatembea, mguu mmoja ukiwa umezidiwa na mwenziwe kidogo. Mwezi uliopita tulimchukua pamoja na mkewe mpaka Sigi. Tulimtafutia kipande cha tambarare kando ya mto, akaendesha kama kilomita nne, akapumzika mara tatu, na sukari niliyompima baadaye ilikuwa imeshuka toka 10 hadi 7. Mkewe alikaa barazani kwenye nyumba ile ya stesheni akimwangalia anavyokwenda na kurudi, hakusema neno muda mrefu. Tulipokuwa tunafunga baiskeli juu ya gari ndipo aliponiuliza kama ni kweli zipo baiskeli za watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wote wanakanyaga. Nikamwambia zipo, ila hapa Tanga sijaiona. Namtafutia.